Kusogeza fizi kabla ya impresheni: tunajua, mbona hatufanyi?

Swali: Shikamoo Daktari. Huu ni mwaka wangu wa pili kazini tangu nimalize chuo. Chuoni tulifundishwa kusogeza fizi kwa uzi mwembamba unaosukumwa kati ya fizi na jino, kabla ya kuchukua impresheni (nakala ya umbo la jino) ya krauni, ile kofia ya kulifunika jino lililochongwa, tena tukatahiniwa. Hapa ninapofanya kazi hakuna anayehangaika na jambo hilo. Mkubwa wangu anasema silikoni za siku hizi, nyenzo za kuchukulia impresheni, zinapenya zenyewe, na kwamba uzi unaumiza fizi na kula muda. Nami nikaacha. Lakini mwezi huu fundi wa maabara amenirudishia kazi mbili akisema hauoni mpaka wa jino. Je, ni lazima kweli? Na nikiurudia uzi, nitumie wenye dawa gani? Kabatini kumejaa ule wa adrenalini.

Jibu: Marahaba, daktari. Nusu ya jibu umeshapewa na fundi wako. Katika safari nzima ya krauni, yeye peke yake ndiye anayelazimika kukitazama kwa utulivu kile kipande cha nusu milimita ambacho sisi tunakipita mbio. Asipouona mpaka ana njia mbili tu: arudishe kazi, au akisie. Wako anarudisha, mshukuru. Wengi hukisia, na krauni ya kukisia hukaa kinywani kimya miaka kadhaa. Mgonjwa anaitafunia, wewe umeshaisahau, mpaka siku uozo unapochungulia chini ya ukingo.

Nianze kwa kumtetea mkubwa wako kidogo. Si kila jino linahitaji kusogezewa fizi. Ukingo, yaani ule mpaka wa jino ulipochongwa ambapo krauni inaishia, ukiwa juu ya fizi, unaonekana wote na ni mkavu, hakuna cha kusogeza. Chukua impresheni yako uende zako. Tena nakushauri uutafute ukingo wa namna hiyo kila unapoweza, hasa kwenye magego, ambako hakuna anayeuona anapocheka. Wengi wetu tunaushusha ukingo chini ya fizi kwa mazoea, kisha tunaanza kupambana na damu tuliyoichokoza wenyewe. Sababu za kweli za kushuka ni chache: uozo au kijazo cha zamani kilichokwisha kushuka, jino fupi ambalo krauni isingelishika vizuri, au jino la mbele ambalo mstari wa krauni ungeonekana.

Ukishashuka, lakini, mimi niko upande wa mwalimu wako wa chuo. Hoja ya kwamba silikoni inapenya yenyewe ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayorudisha kazi. Silikoni nyepesi inatiririka vizuri sana, hilo sibishi. Ila haina nguvu ya kuisukuma fizi iliyolala juu ya ukingo, na kwa asili yake haipatani na maji, hata ile iliyoandikwa kwenye pakiti kwamba imeboreshwa. Ikikuta mate au damu kwenye kamfereji kati ya jino na fizi, inapita juu yake. Fundi anapokea ukingo wa mviringo unaong'aa, mzuri wa kutazama, ambao si wa jino bali ni sura ya tone la damu.

Halafu kuna suala la unene. Silikoni iliyoingia mahali pembamba mno hutoka, lakini hutoka ikiwa imechanika au imejikunja. Kipimo tunachokishika ni milimita 0.2: kamfereji kakiwa kembamba kuliko hapo penye ukingo, usitegemee kwamba nyenzo itatoka nzima na yenye sura yake. Ndiyo maana nasema kusogeza fizi kuna pande mbili. Unaishusha ili uuone ukingo, na unaitenga na jino ili nyenzo ipate nafasi ya kuwa nene. Daktari anayetosheka kwa kuuona ukingo kwa macho amefanya upande mmoja. Na nyenzo isiishie hapo hapo ukingoni. Inatakiwa ipite chini kidogo, iguse sehemu ya jino ambayo hukuichonga. Fundi anakihitaji kipande hicho ili ajue krauni itoke kwenye fizi kwa mwelekeo gani. Bila hicho hutengeneza krauni nene shingoni, fizi inavimba, na lawama unaibeba wewe.

Sasa hili la uzi kuumiza fizi. Ni kweli, unaumiza, ukiusukuma kama unaziba ufa wa dirisha. Kumbuka vipimo vya tishu za fizi ambavyo mtafiti Gargiulo na wenzake walivichapisha mwaka 1961, ambavyo bila shaka vilikuwa kwenye mtihani wako: kwa wastani kamfereji kana kina cha milimita 0.69, ngozi laini iliyojishika kwenye jino 0.97, na nyuzinyuzi zilizo chini yake, juu ya mfupa, 1.07. Wastani tu, watu wanatofautiana mno. Lakini tazama ukubwa wa uwanja wenyewe: hujafika hata milimita moja chini, umeshaanza kuipasua ile ngozi. Kwa hiyo kabla hujachonga chochote, pima kina cha kamfereji kwa kipimio chako, kile kijiti chembamba chenye alama za milimita, kuzunguka jino zima, na ukilazimika kushuka, ishia nusu milimita hivi ndani ya kamfereji. Ukishuka zaidi ya hapo, hakuna uzi wala dawa itakayokuokoa, na fizi hiyo itabaki nyekundu maisha yake yote.

Uzi ukiwekwa kwa mkono mwepesi, kidonda kinachobaki ni kidogo na hupona ndani ya wiki moja hadi mbili. Pa kuogopa ni fizi nyembamba, zile ambazo kipimio kikiingia unakiona kivuli chake kwa nje. Hizo zikisukumwa kwa nguvu hurudi nyuma na hazipandi tena, na kwenye jino la mbele mgonjwa ataliona hilo kabla yako.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa aibu. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa natumia uzi mnene kwa kila mtu, kwa imani kwamba mnene unatenga zaidi. Siku moja nilimwekea mgonjwa uzi wa namna hiyo kwenye jino la mbele juu, fizi zake nyembamba kama karatasi, nikausukuma hadi ukapotea. Impresheni ilikuwa safi ajabu, fundi alinisifu. Alipokuja kuangaliwa baada ya miezi michache, kulikuwa na kamstari ka kijivu juu ya krauni. Nilimfanyia upya bila malipo, na tangu hapo sishiki uzi kabla sijaitazama fizi kwanza.

Basi ukiurudia, fanya hivi. Kwanza fizi iwe nzima. Hili ndilo linalosahaulika kuliko yote, na kwa maoni yangu lina uzito kuliko uchaguzi wa dawa. Fizi inayovuja damu ukiigusa tu kwa kipimio haitanyamazishwa na kemikali yoyote kwa muda utakaokutosha. Ondoa ukoga, mfundishe mgonjwa kupiga mswaki penye shingo ya jino, mpe wiki mbili. Kama umeshachonga na fizi imechanika, weka krauni ya muda yenye ukingo laini unaokaa sawasawa, mwambie arudi. Wenzangu wananicheka kwamba nawarudisha watu nyumbani. Lakini dakika kumi za impresheni kwenye fizi iliyopona ni nafuu kuliko saa nzima ya kupigana na damu, ukimalizia na kazi ya kurudiwa.

Siku ya impresheni, ganzi iwepo hata kama jino limeshauawa mshipa, kwa sababu uzi unaiumiza fizi wala si jino. Jino likaushwe, pamba ziwekwe, mate yafyonzwe. Nyuzi zinauzwa kwa namba, kuanzia sifuri tatu ambao ni mwembamba kabisa, hadi namba 3. Chagua mnene kuliko yote kati ya zile zinazoingia bila kulazimishwa. Naupendelea uliofumwa kuliko uliosokotwa, maana uliosokotwa hufumuka ukiugusa kwa ncha ya kifaa. Anza kwenye pembe kati ya meno mawili, ambako kamfereji ni kirefu na uzi unashika, kisha zunguka taratibu. Kifaa kiinamie kwenye jino, na kielekee kule ulikotoka; ukikielekeza mbele, kila hatua itachomoa ile iliyotangulia. Upande wa mbele wenye fizi nyembamba uache uwe wa mwisho, na hapo usisukume: bonyeza, ngoja, bonyeza.

Ukimaliza, tazama kutoka juu. Ukiona uzi mfululizo kulizunguka jino, na ukingo uko wazi ndani ya duara lake, umefaulu. Mahali ambapo fizi imelala juu ya uzi, ndipo impresheni yako itakapokosea. Ongeza kipande hapo hapo. Acha dakika tano hadi kumi. Zaidi ya robo saa hupati faida, unaongeza kidonda.

Kinachofuata ndicho kinachowaangusha wengi. Uloweshe uzi kwa maji kabla ya kuutoa. Uzi mkavu umegandamana na ngozi ya kamfereji, na ukiuvuta unaondoka nayo, damu inafumuka sekunde ile ile uliyoitafuta kwa dakika kumi. Kisha ujue kwamba fizi hairudi polepole. Ndani ya nusu dakika hivi tangu uzi utoke, nafasi inaweza kuwa imeshapungua hadi ile 0.2 niliyoitaja. Kwa hiyo msaidizi awe ameshaishika silikoni, ncha ya bomba iko mkononi mwako, ndipo uzi utoke, hewa ya kukausha ipite kidogo, na nyenzo iingie. Ukitoa uzi, ukageuka kutafuta trei, ukamwuliza mtu kitu, umesogeza fizi bure. Nadhani madaktari wengi waliokata tamaa na uzi waliangushwa na hatua hii. Uzi ulifanya kazi yake, sekunde zikapotea.

Ndiyo maana kwa jino lenye ukingo wa chini, au meno kadhaa kwa pamoja, natumia nyuzi mbili. Mwembamba unakaa chini kabisa na kubaki humo wakati wa impresheni, ukizuia majimaji na kuishikilia fizi isifunge. Mnene zaidi unakaa juu yake na ndio unaotolewa. Lakini kamfereji kakiwa kafupi hakuna nafasi ya nyuzi mbili, na ukilazimisha utaichana ile ngozi uliyokuwa unailinda.

Sasa dawa, maana hilo ndilo ulilouliza kwa wasiwasi. Uzi wa adrenalini uache kabatini, au bora uombe usinunuliwe tena. Unabana mishipa ya damu vizuri, sikatai. Lakini fanya hesabu. Bomba moja la ganzi la mililita 1.8, lenye adrenalini ya moja kwa laki moja, lina miligramu 0.018. Inchi moja ya uzi, kulingana na aina, inaweza kubeba kati ya miligramu 0.2 na 1. Kiwango cha juu cha adrenalini tunachokitumia kwa mtu mzima mwenye afya ni miligramu 0.2, na kwa mgonjwa wa moyo ni 0.04. Si yote inayoingia kwenye damu, bila shaka. Fizi nzima hupitisha kidogo, fizi iliyochanika hupitisha nyingi. Na ni lini umeweka uzi kwenye fizi isiyo na mchubuko baada ya kuchonga? Mgonjwa anaanza kuhisi moyo unadunda, anatetemeka, anapumua haraka, nawe unadhani ni woga wa kiti. Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lililopanda, tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi, au anayetumia baadhi ya dawa za sonona au zile za kupunguza kasi ya moyo, hatakiwi kuuona kabisa. Na zaidi ya yote, hauisogezi fizi vizuri kuliko uzi uliochovywa kwenye kloridi ya alumini. Hatari bila faida ya ziada, ya nini?

Kloridi ya alumini ndiyo ninayoishika kila siku. Inakaza protini za juu ya ngozi, inapunguza majimaji na damu ndogondogo, na haiugusi moyo wa mtu. Salfeti ya feri ina nguvu zaidi kwa damu yenyewe. Naiweka kwa brashi mahali panapovuja, dakika moja hadi tatu, kisha nasuuza sana. Inaacha weusi kwenye fizi kwa siku chache, mwambie mgonjwa mapema asije akakupigia simu usiku, na inaweza kuutia rangi mwili wa jino, kwa hiyo kwenye krauni za kauri zinazopitisha mwanga mimi siitumii. Usiichanganye na adrenalini, zikikutana hutoa mashapo ya rangi ya buluu iliyokolea. Shabu nayo imo kwenye baadhi ya nyuzi. Ni mpole, haina madhara makubwa, nguvu yake ndogo. Kloridi ya zinki ukiikuta kwenye kitabu cha zamani iache huko huko, inaunguza.

Dawa hizi karibu zote ni tindikali kali. Zikibaki kwenye dentini, ule mwili wa jino ulio chini ya enameli, huharibu mshikamano wa gundi unayoitumia baadaye na huweza kuliacha jino likiuma kwa baridi, basi suuza kwa maji mengi kuliko unavyodhani inatosha. Na kama silikoni yako inabaki na utando laini usioganda, kabla hujailaumu dawa angalia glovu. Glovu za mpira zina salfa inayozuia silikoni kuganda, na kidole kilichoushika uzi kwa glovu hizo huiacha ukingoni kabisa. Wakati wa impresheni vaa za naitrili.

Utaulizwa pia kuhusu krimu zinazoingizwa kwa bomba, zile za udongo mweupe wa kaolini na kloridi ya alumini. Ni nzuri. Ni za haraka, dakika moja au mbili, na haziichani fizi. Lakini nguvu yake ya kusukuma ni ndogo, na kwenye ukingo ulioshuka sana hazifiki. Mimi nazitumia kwa fizi nyembamba na ukingo wa juu juu, na mahali pengine juu ya uzi mwembamba uliokwisha kuwekwa. Leza na umeme wa kukata fizi ni vyombo vya kuondoa fizi wala si kuisogeza. Vina mahali pake pale fizi ilipoota juu ya ukingo. Umeme usimkaribie mgonjwa mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo.

Kipandikizi, yaani mzizi wa chuma uliopandwa kwenye mfupa, ni habari nyingine kabisa. Fizi inayokizunguka imejishika kidhaifu kuliko ya jino, na nyuzinyuzi zake haziingii kwenye chuma, zinakizunguka tu. Uzi hapo unaweza kuteleza hadi karibu na mfupa. Tumia vifaa vya impresheni vinavyofungwa kwenye kipandikizi chenyewe, uzi uuache kwa meno.

Labda mkubwa wako atasema mkinunua skana, kamera ya kupiga picha ya meno badala ya impresheni, mambo haya yataisha. Hayataisha. Kamera huona inachomulikiwa, na fizi ikiufunika ukingo, skana itachora fizi. Unachopunguza ni hofu ya nyenzo kuchanika; damu na mate vinaiharibu picha vile vile. Faida yake kubwa, kwa macho yangu, ni kwamba unaiona kasoro papo hapo ikiwa kubwa kwenye kioo, mgonjwa bado amekaa.

Na hapo ndipo linapolala jibu la kwa nini hapo kazini hakuna anayefanya. Ukiwapa madaktari dodoso, wengi watakujazia vizuri: wanajua uzi, wanajua sababu, wanajua dawa. Kinachokosekana ni kuona matokeo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikagua impresheni 193 za krauni na madaraja ya meno zilizokuwa zimeshapelekwa maabara, na asilimia 89.1 zilikuwa na kasoro angalau moja ya kuonekana kwa macho. Zilishapelekwa, yaani daktari aliziangalia akaona zinafaa. Sisi tunaitazama impresheni kama anayetazama picha ya harusi, sura nzima imetoka, basi. Impresheni inasomwa kwa kuufuata mstari mmoja kwa kidole na miwani ya kukuzia, kulizunguka jino mara moja kamili, ukitafuta mahali unapokatika, panapong'aa kwa majimaji, au palipo na kishimo cha hewa.

Kwa hiyo usiende kubishana na mkubwa wako. Omba zile impresheni mbili zilizorudishwa, mkae nazo chini ya taa, umwonyeshe mstari unapopotea. Halafu chukua ya tatu kwa uzi, uiweke kando yake. Anaweza kusema umepoteza dakika kumi na mbili. Mhesabie kazi mbili za kurudia zimekula ngapi.

Jambo moja la mwisho, dogo, ambalo hamkutahiniwa. Andika kwenye kadi ya mgonjwa umeweka nyuzi ngapi, na kabla hajainuka hesabu zilizotoka. Ule mwembamba wa chini, uliotiwa damu, una rangi ya fizi kabisa, na mara nyingine unatoka umenasa kwenye impresheni wakati unautafuta kinywani.